Hivi Ghana Ilihama? Ardhi ya Afrika na Himaya Zake za Kale za Biashara

Mtoto wa kaka yangu yuko kidato cha pili. Wiki iliyopita alinijia jioni na daftari la historia mkono mmoja na atlasi ya shule mkono mwingine. Mwalimu amewafundisha dola ya Ghana ya kale, na kazi ya nyumbani ilikuwa kuionyesha kwenye ramani. Akaipaka rangi Ghana, hii ya Accra, vizuri kabisa. Kisha akayasoma tena maelezo ya daftari: mji mkuu Kumbi Saleh, ukingoni mwa jangwa. Akaitazama atlasi. Ghana ina pwani, ina misitu, jangwa haina. "Baba mdogo," akaniuliza, "hivi Ghana ilihama?"

Ni swali zuri, na si la watoto peke yao. Tangu Umoja wa Afrika ulipounga mkono, Agosti 2025, kampeni ya kuachana na ramani ya dunia inayolipunguza bara letu, makundi ya WhatsApp yamejaa ramani. Moja inaonyesha Marekani, China na India zikiingia zote ndani ya Afrika. Nyingine ina picha ya Mansa Musa, mfalme wa Mali ya kale, na maneno kwamba utajiri wake ulikuwa dola bilioni 400. Nyingine inachora "Himaya ya Zenj" kutoka Mogadishu hadi Msumbiji, rangi moja, mpaka mmoja. Humo mna kweli, mna chumvi, na mna uongo mtupu, na anayesambaza mara nyingi hajui kipi ni kipi.

Mimi naamini mkanganyiko huu una mzizi mmoja: tumefundishwa himaya bila ardhi. Tunakariri majina ya wafalme na miaka ya vita, lakini hatuambiwi mto ulipita wapi, upepo ulivuma mwezi gani, wala kwa nini farasi alikufa kila alipoingizwa msituni. Tutangulize ardhi, kisha tuone wafalme wanakaa wapi.

Neno moja kwanza. Himaya, kwa maana ninayoitumia hapa, ni utawala mmoja unaopokea ushuru na kodi kutoka kwa watu wa lugha nyingi, ambao aghalabu wamebaki na wafalme wao wadogo. Si nchi yenye nguzo za mpakani na dirisha la uhamiaji. Ifikirie kama mnara wa simu. Karibu na mnara mtandao una nguvu, ukienda mbali unafifia, na katikati mna mabonde ambayo simu haishiki kabisa. Mamlaka ya mfalme wa Ghana au wa Mali yalikuwa hivyo. Ramani za vitabuni zinazoipaka himaya rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo zinatudanganya kabla hatujasoma hata sentensi moja.

Ukubwa na umbo

Dunia ni tufe, karatasi ni bapa. Menya chungwa ganda litoke zima, kisha libonyeze mezani lilale: litapasuka, au itabidi ulivute huku na huku. Mwaka 1569 Gerardus Mercator alichagua kulivuta. Alichora ramani ya mabaharia, ambayo mstari ulionyooka karatasini unalingana na uelekeo mmoja wa dira baharini. Kwa kazi hiyo ilikuwa ramani nzuri sana. Gharama yake ni kwamba nchi zilizo mbali na ikweta zinavimba. Greenland inaonekana kutoshana na Afrika, ilhali Greenland ina kama kilomita za mraba milioni 2.2 na Afrika ina milioni 30. Inaingia karibu mara 14. Kwa hiyo wanaosema ramani hiyo inatupunja hawakosei. Wanaosema Mercator aliichora ili kuidhalilisha Afrika ndio wanaotia chumvi. Kosa ni la waliochukua ramani ya nahodha wakaitundika darasani.

Ikweta inalikata bara hili karibu na kiunoni. Ncha ya kaskazini, kule Tunisia, iko nyuzi 37 kaskazini, na ncha ya kusini, Rasi ya Agulhas, iko karibu nyuzi 35 kusini. Ndiyo maana mimea na mvua zimejipanga kama mtu na sura yake kwenye kioo: msitu katikati, kisha savana, kisha nyika kavu, kisha jangwa, kisha pwani yenye mvua za majira ya baridi, na mpangilio huohuo kwa pande zote mbili. Kaskazini jangwa ni Sahara, kusini ni Kalahari na Namib. Mashariki milima na Bonde la Ufa zinauvuruga mpangilio huu, ndiyo maana Mwafrika wa Kilimanjaro na wa Garissa wote wako karibu na ikweta lakini hawavai nguo za aina moja.

Kwa habari ya biashara, mikanda hii ni jambo kubwa kuliko milima yote. Mkulima wa mtama hafungi safari ya miezi miwili kwenda kununua mtama. Anakwenda mbali kwa kitu ambacho ardhi yake haitoi. Katika Afrika Magharibi jangwa lilikuwa na chumvi, savana ilikuwa na nafaka na ng'ombe, na upande wa kusini zaidi kulikuwa na dhahabu na kola. Watu wa mikanda hiyo walihitajiana kwa lazima ya maumbile, kabla mfalme yeyote hajawaamuru.

Umbo nalo lina maneno yake. Sehemu kubwa ya Afrika ni uwanda wa juu, mfano wa sinia lililofunikwa kifudifudi: juu tambarare, pembeni mteremko wa ghafla. Mito inatembea polepole juu ya sinia, halafu ikifika ukingoni inaporomoka. Mto Kongo unapitika kwa vyombo kwa mamia ya kilomita kule juu, lakini kati ya Kinshasa na Matadi unashuka mita 270 hivi katika mwendo wa kilomita 350, poromoko baada ya poromoko. Nile ina maporomoko yake sita kati ya Khartoum na Aswan. Zambezi ina Victoria na Cahora Bassa. Merikebu ya baharini haiwezi kupanda mito hiyo hadi ndani ya bara, kama zinavyopanda mto Rhine au Yangtze.

Tena kuna mbung'o. Mdudu huyu wa savana zenye miti na wa misitu anaeneza malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo. Farasi, ng'ombe na ngamia wakiingia kwenye eneo lake wanadhoofu na kufa. Watu huuliza kwa nini Afrika ya kati na ya kusini haikutumia magari ya kukokotwa, na wengine hujibu kwa dharau kwamba waliotuzaa hawakujua gurudumu. Gurudumu bila mnyama wa kulivuta lina faida gani? Mzigo ulibebwa na kichwa cha mpagazi kwa sababu kichwa cha mpagazi kilistahimili pale ambapo bega la fahali lilioza.

Mzigo unapobadili mgongo

Ukiyaweka hayo pamoja unapata jambo ambalo mimi ningependa liandikwe ubaoni siku ya kwanza ya somo hili. Katika Afrika ya kale mzigo haukuweza kusafiri mwendo mzima juu ya mgongo mmoja. Ngamia anaishia penye mbung'o. Mtumbwi unaishia penye maporomoko. Jahazi linaishia upepo unapogeuka. Kila mahali pa namna hiyo mzigo lazima ushuke, ukae, ulindwe, uhesabiwe, utafutiwe mbebaji mwingine. Anayekishika kituo hicho anatoza. Anayetoza anapata fedha za kulisha askari. Mwenye askari anakuwa mfalme.

Aliyewahi kulala Tunduma ameliona hili kwa macho yake. Mji ule haukuota kwa sababu ya mgodi wala bandari. Uliota kwa sababu malori yanayokwenda Zambia na Kongo lazima yasimame pale. Yakisimama, dereva anakula, analala, anabadilisha fedha, anahitaji karani wa forodha, na karani naye anahitaji nyumba. Kinshasa na Brazzaville ni habari hiyohiyo. Miji mikuu miwili inatazamana, mto tu katikati, kwa sababu hapo ndipo vyombo vya mto vinapokutana na mwanzo wa maporomoko. Zamani wafanyabiashara Wateke walikuwa na masoko yao hapo, mizigo ikitoka mitumbwini na kupanda vichwani kuelekea pwani. Reli iliyokamilika mwaka 1898 ilichukua nafasi ya vichwa. Kituo kilibaki palepale.

Pwani mbili, neno moja

Sasa turudi jangwani. "Sahara" ni Kiarabu, maana yake jangwa, hivyo tunaposema Jangwa la Sahara tunasema jangwa la jangwa. Lina kama kilomita za mraba milioni 9. Wengi wanadhani ni mchanga mtupu, lakini vilima vya mchanga ni sehemu ndogo. Kwingi ni mawe, changarawe na miamba, na Emi Koussi katika milima ya Tibesti unazidi mita 3,400. Tena halikuwa kavu daima. Kati ya miaka 11,000 na 5,000 hivi iliyopita lilikuwa na maziwa na nyasi, na michoro ya miambani ya Tassili n'Ajjer, Algeria, inaonyesha watu wakichunga makundi ya ng'ombe pale ambapo leo hakuna hata mbuzi wa kuokota jani.

Ukingo wa kusini wa jangwa hilo unaitwa Saheli. Neno hilo ni la Kiarabu, sāhil, yaani ukingo wa bahari, pwani. Wingi wake ni sawāhil. Ndiyo: Saheli na Uswahili ni neno moja, na sisi tulio kwenye fukwe za Bahari ya Hindi ni wajina wa watu wa Timbuktu. Mimi kila nikilifikiria hili nasikia raha. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiberiberi waliliona jangwa kama bahari. Ngamia chombo, chemchemi visiwa, na mji wa upande wa pili bandari. Dhana kwamba Sahara ilikuwa ukuta uliowatenga Waafrika na dunia inafutika hapo. Bahari hutenganisha wasio na vyombo na kuwaunganisha walio navyo, na tangu ngamia walipoenea kaskazini mwa Afrika katika karne za kwanza baada ya Kristo, chombo kilikuwepo.

Himaya ya kwanza kubwa ya pwani hiyo ya mchanga ndiyo inayomsumbua mtoto wangu. Watu wake, Wasoninke, waliiita Wagadu. Ghana lilikuwa jina la cheo cha mfalme, na Waarabu wakaliita dola lote kwa cheo hicho. Magofu ya Kumbi Saleh, yanayoaminiwa na wengi kuwa mji wake mkuu, yako kusini mwa Mauritania, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Accra, na eneo la himaya halikugusa ardhi ya Ghana ya leo.

Al-Bakri, mwanazuoni wa Andalusia, aliandika habari zake mwaka 1068. Yeye mwenyewe hakufika. Aliwahoji waliofika na kusoma waliyoyaandika. Anaeleza miji miwili iliyokaribiana, mmoja wa Waislamu wenye misikiti 12, na mwingine wa mfalme mwenye dini ya jadi. Kisha anataja jambo ninalolipenda kuliko yote kwa sababu linaonyesha himaya ikifanya kazi: kila punda aliyeingia na mzigo wa chumvi alilipiwa dinari moja ya dhahabu, na kila mzigo wa chumvi uliotoka kuendelea kusini ulilipiwa dinari mbili. Mabonge ya dhahabu yaliyopatikana migodini yalikuwa ya mfalme, watu wakaachiwa dhahabu ya unga. Al-Bakri anasema bila utaratibu huo dhahabu ingejaa hadi ikakosa thamani. Huo ni mfalme anayeelewa soko. Hakumiliki machimbo ya chumvi, yaliyokuwa jangwani, wala hakuwa na mamlaka kamili juu ya wachimba dhahabu wa Bambuk. Alimiliki njia iliyopita kati yao.

Daftari la mtoto linasema Wamurabituni, Waberiberi Waislamu kutoka jangwani, waliivamia Ghana mwaka 1076 na kuiangamiza. Wanahistoria wengi siku hizi wanaupinga uvamizi huo, au angalau wanakataa kwamba ndio uliomaliza mambo. Machimbo mapya ya dhahabu ya Bouré, mashariki zaidi kwenye sehemu za juu za mto Niger, yalikuwa yakikua, na njia za misafara zikahama nayo. Kituo kikikosa mizigo, askari wanakosa chakula.

Mto Niger wenyewe unastahili kutazamwa. Chanzo chake kiko kwenye nyanda za juu za Guinea, kama kilomita 240 tu kutoka Bahari ya Atlantiki. Mto wowote wenye haraka ungeteremka baharini mara moja. Huu unaipa bahari mgongo, unakwenda kaskazini-mashariki hadi kwenye mdomo wa Sahara, unatandaza maji yake kwenye bonde pana la mpunga na samaki, kisha unajikunja na kurudi kusini hadi Ghuba ya Guinea, mwendo wa kilomita 4,180 hivi kwa jumla. Kwa mtu mwenye mtumbwi ni kama barabara iliyojengwa makusudi kuifikisha dhahabu na nafaka ya nchi ya mvua kwenye mlango wa jangwa. Kwenye pindo hilo ndipo ilipo Timbuktu, na bandari yake Kabara. Ngamia amepiga magoti upande mmoja, mitumbwi imefungwa upande mwingine.

Mali ilisimama juu ya mto huo baada ya Sundiata Keita kushinda vita vya Kirina, mnamo 1235. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco, aliizuru mwaka 1352. Aliondoka Sijilmasa, Morocco, na msafara, na baada ya siku 25 akafika Taghaza, kijiji cha machimbo ambacho nyumba na msikiti wake vilijengwa kwa matofali ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia. Hapakuwa na mti. Chumvi ilichimbwa ardhini kwa mabamba mazito, na waliochimba walikuwa watumwa. Anatupa bei: mzigo wa ngamia uliuzwa Walata, mji wa ukingo wa kusini wa jangwa, kwa mithqali 8 hadi 10 za dhahabu, na katika mji wa Mali kwa 20 hadi 30, pengine 40.

Tupige hesabu hapo, kwa sababu kila kitabu cha shule kinasema chumvi ilibadilishwa kwa dhahabu uzani kwa uzani. Mithqali moja ni kama gramu 4 na robo. Mithqali 40 ni gramu 170 za dhahabu, kwa mzigo mzima wa ngamia unaozidi kilo 100. Bado ni bei kubwa, na imepanda mara nne njiani, lakini uzani kwa uzani haikuwa. Utajiri wote wa himaya ulitoka kwenye ile tofauti kati ya 10 na 40.

Na Mansa Musa? Alitawala kuanzia 1312 hivi hadi 1337 na alihiji mwaka 1324 akipitia Cairo na dhahabu nyingi kiasi kwamba mwaka 1375 bado alichorwa kwenye Atlasi ya Kikatalani, ameketi na donge la dhahabu mkononi. Lakini ile dola bilioni 400 haina msingi. Hakuna aliyeuhesabu utajiri wake, na hakuna njia ya kubadili heshima ya mfalme wa karne ya 14 kuwa dola za leo. Wanaosema aliuvunja uchumi wa Misri nao wamtazame al-Umari, mwandishi wa Kiarabu aliyefika Cairo miaka 12 baadaye na kuuliza. Aliambiwa kwamba kabla ya hapo mithqali moja ya dhahabu haikuwahi kushuka chini ya dirhamu 25 za fedha, na tangu ugeni ule haikuzidi 22. Anguko la kama asilimia 12, lililodumu miaka 12. Kwa mgeni mmoja na sadaka zake ni jambo la kushangaza, na halihitaji kuongezwa. Tena akirejea, Musa alikopa fedha kwa wafanyabiashara wa Cairo kwa riba kubwa, kwa sababu alikuwa amegawa na kutumia hadi akaishiwa.

Al-Umari anaongeza neno ambalo halisambazwi WhatsApp. Wafalme wa Mali waligundua kwamba kila walipouteka mji wa wachimba dhahabu na kueneza dini yao humo, dhahabu ilipungua na ikaongezeka kwa majirani. Wakaamua kuwaacha wachimbaji na imani yao, wakaridhika na ushuru. Nguvu yao ilikuwa kituoni.

Songhai, iliyofuata, iliongozwa kutoka Gao, kwenye mkono wa pili wa pindo lilelile, na chini ya Sunni Ali (1464–1492) na Askia Muhammad (1493–1528) ikawa kubwa kuliko zote mbili. Kaskazini mwa Timbuktu mabamba ya chumvi ya Taoudenni, yaliyochukua nafasi ya Taghaza, bado yanasafirishwa hadi leo, mengine kwa malori na mengine kwa ngamia, mabamba mawili kila ubavu.

Upande wetu wa bahari

Ibn Battuta huyohuyo, miaka 21 kabla ya kuiona Mali, alishuka Kilwa. Mtu mmoja, pwani mbili, na macho yake yaliona mfumo mmoja.

Huku kwetu aliyebeba alikuwa upepo. Mchana mchanga wa ufukweni unaunguza nyayo wakati maji ya bahari bado ni baridi. Nchi kavu inapata joto haraka na kulipoteza haraka kuliko maji. Lifanye hilo kwa ukubwa wa bara zima la Asia. Miezi ya joto ya kaskazini Asia inawaka, hewa yake inapanda, na upepo unavutwa kutoka kwetu kwenda huko: ndiyo kusi, ya Aprili hadi Septemba. Majira yakigeuka upepo unageuka: ndiyo kaskazi, ya Desemba hadi Machi. Mabaharia wa Arabia, Uajemi na India walikuja na kaskazi wakarudi na kusi. Kati ya pepo hizo mbili walikaa, wakauza, wakaoa, wakajenga. Mfanyabiashara aliyelazimika kusubiri upepo miezi kadhaa si mpita njia.

Lakini kaskazi hupungua nguvu kadiri unavyokwenda kusini, na Kilwa iko karibu na mwisho wa uwezo wake. Chombo kilichotaka kwenda na kurudi katika mwaka mmoja kiliona Kilwa ndiyo kikomo. Dhahabu nayo ilikuwa Sofala, kama kilomita 1,300 kusini zaidi. Mgongo unabadilika hapo. Vyombo vya wenyeji viliileta dhahabu na pembe za ndovu kutoka Sofala hadi Kilwa, na majahazi ya mbali yakazipokea. Kwa ushuru huo Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta kitini mwaka 1331 na ambaye ukarimu wake ulimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, alikuwa na Husuni Kubwa: jumba la mawe ya matumbawe lenye vyumba zaidi ya 100, na bwawa la kuogea la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari. Bwawa lipo hadi leo. Kingo zake zimekatwa kwa ustadi unaomfanya mtu ainame na kupitisha kidole.

Dhahabu ilitoka wapi kabla ya Sofala? Panda kilomita karibu 400 kuelekea magharibi, kwenye uwanda wa juu wa zaidi ya mita 1,000, ambako mbung'o ni haba na ng'ombe wananawiri. Hapo Washona walijenga Zimbabwe Kuu, kuta za mawe yasiyounganishwa kwa udongo wala chokaa, ukuta wa zizi kubwa ukifika mita 11 kwenda juu. Jina lenyewe linatokana na dzimba dza mabwe, na msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kusikia nyumba na mawe humo. Mwaka 1871 Mjerumani Carl Mauch alidai ni kazi ya Malkia wa Sheba. Uchunguzi wa David Randall-MacIver wa 1905 na wa Gertrude Caton-Thompson wa 1929 ulionyesha kwamba wajenzi ni Waafrika wa karne za kati, lakini serikali ya walowezi iliendelea kuulea uongo huo kwa sababu uliwafaa. Ndani ya magofu zimepatikana vyombo vya kauri kutoka China, shanga za kioo, na sarafu ya shaba ya Kilwa, ya yuleyule al-Hasan bin Sulaiman. Kipande kimoja cha shaba, kidogo kuliko kizibo cha soda, kinafunga mjadala wote.

"Himaya ya Zenj", hata hivyo, haikuwepo. Kilwa iliitawala Sofala kwa kipindi na ilikuwa na nguvu juu ya visiwa jirani, lakini Mombasa, Malindi, Pate na Mogadishu ilikuwa miji yenye watawala wao, ikishindana na mara nyingine ikipigana. Kilichoiunganisha ni lugha, dini na upepo mmoja. Sioni kwa nini tuone haya kusema hivyo. Miji ya Ugiriki ya kale nayo haikuwa himaya, na hakuna anayeidharau.

Kanuni hiyohiyo utaiona Aksum, Ethiopia, iliyotengeneza sarafu zake tangu karne ya 3. Bandari yake Adulis ilikuwa kwenye joto la Bahari ya Shamu, na mji mkuu ulikuwa juu mlimani, safari ya siku nane, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Pembe za ndovu zilishuka, nguo na mvinyo vikapanda.

Siwezi kuyaeleza haya nikaruka jambo moja. Misafara iliyopeleka chumvi na nguo ilirudi na watu pia. Katika njia za jangwani, katika bandari za Bahari ya Shamu na za Bahari ya Hindi, binadamu waliuzwa kwa karne nyingi, na wafalme tunaowapamba kwenye picha walitoza ushuru juu yao kama walivyotoza juu ya chumvi. Anayetaka kujivunia Timbuktu alijue na hilo.

Mwisho wa himaya hizi nao ulianza na mgongo mpya. Mwaka 1482 Wareno walijenga ngome ya Elmina kwenye pwani ya Atlantiki, na sehemu ya dhahabu iliyokuwa ikipanda kaskazini ikaanza kuteremka kusini. Mwaka 1505 waliipora Kilwa. Mwaka 1591, huko Tondibi, jeshi la Morocco lenye bunduki lililishinda jeshi la Songhai, likitafuta dhahabu ambayo tayari ilikuwa imeanza kupata njia nyingine. Biashara ya jangwani haikufa siku hiyo, ila haikuwa tena njia pekee.

Hiyo Elmina iko Ghana, Ghana ya leo. Waingereza waliiita nchi hiyo Gold Coast, pwani ya dhahabu. J. B. Danquah alipendekeza jina la himaya ya kale, na tarehe 6 Machi 1957, chini ya Kwame Nkrumah, nchi ikalichukua ilipopata uhuru. Miaka mitatu baadaye Sudani ya Kifaransa ikajiita Mali, na mwaka 1980 Rhodesia ikawa Zimbabwe. Hizo mbili angalau zina ardhi ya mababu ndani ya mipaka yao. Ghana ilichukua jina kwa heshima, kama mzazi anavyompa mtoto jina la babu aliyezikwa mkoa mwingine.

Kwa hiyo nilimjibu: Ghana haikuhama, mwanangu, lililohama ni jina. Akachukua ufutio, akaifuta Accra taratibu ili karatasi isichanike, akapaka rangi hafifu kusini mwa Mauritania na magharibi mwa Mali, bila kuchora mpaka. Nikafurahi kwa hilo la mpaka. Kisha akafunua ukurasa uliofuata, akakunja uso. "Na Benin je? Hapa wameandika ufalme wa Benin uko Nigeria."

Nikavuta kiti.